Ndege Imeshuka, Nao Wanasema Imeanguka

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalopita masikioni mwetu mara nyingi: habari za ndege.

Mnajua namna inavyokuwa. Asubuhi mtu anafika kwenye bomba la maji akipiga kelele:

"Avio ya Kinshasa ilianguka! Batu bote balikufa!"

"Ulisikia wapi?"

"Banasema."

"Nani banasema?"

"Batu. Iko mu telefone."

Jioni ndege ile imekwisha kutua, abiria wamechukua mizigo yao, kila mtu anakula bukari nyumbani kwake. Kumbe taa moja iliwaka mbele ya piloti, naye akarudi uwanjani ili mafundi watazame. Habari yote ni hiyo. Lakini mama ambaye mume wake alikuwa ndani ya ndege amelia tangu asubuhi. Wakwe wamekusanyika. Watu wameanza kutoa viti nje kama kwa kilio. Na yule aliyeleta habari amekwisha kwenda zake, hata hakumbuki alisema nini.

Msidhani huu ni ugonjwa wa Radio Trottoir yetu peke yake. Televizio kubwa za Marekani na magazeti ya Uingereza na ya Australia wana ugonjwa ule ule, ijapokuwa wana vyombo bora kuliko vyetu na watu waliosoma sana. Nitawaonyesha.

MASAA MATATU MBELE YA TELEVIZIO

Tarehe 21 Septemba 2005, ndege ya kampuni ya JetBlue, aina ya Airbus A320, iliondoka Burbank, katika California, kwenda New York. Ilipokwisha kuinuka, mapiloti waliona kwamba magurudumu ya mbele hayaingii ndani kama inavyopaswa. Walipita karibu na mnara wa uwanja wa Long Beach ili watu wa chini watazame. Wakaambiwa: magurudumu ya mbele yamegeuka, yamekaa kukingama.

Shida ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa mpya. Ndege za aina ile zilikuwa zimepatwa nayo mara kadhaa, na zilitua. Mapiloti walijua la kufanya. Walizunguka angani karibu masaa matatu ili kuchoma mafuta, ndege iwe nyepesi, kwa maana aina ile haina njia ya kumwaga mafuta ikiwa angani.

Masaa yale matatu yalikuwa karamu kwa televizio. Waliionyesha ndege ikizunguka, ikizunguka, na watu wa studio wakaeleza yote yanayoweza kuharibika wakati wa kutua. Na sasa sikia neno la ajabu: katika ndege ile kila kiti kilikuwa na televizio yake ndogo. Abiria walikaa huko juu wakiitazama ndege yao wenyewe, wakisikia watu wasiowajua wakizungumza kama watapona au hawataona kesho. Kabla ya kutua, televizio zile zilizimwa.

Ndege ilitua Los Angeles. Piloti aliweka kwanza magurudumu ya nyuma, akaishikilia pua juu kadiri alivyoweza, kisha akaishusha polepole. Tairi za mbele zilipasuka, cheche na moto vikatoka chini, ndege ikasimama katikati ya njia. Watu wote 146 walitoka kwa ngazi, kwa miguu yao. Hakuna aliyeumia.

Sasa tuhesabu. Katika masaa yale matatu, nani alisaidia? Mapiloti walisaidia. Watu wa mnara, wahudumu wa ndege na wazima-moto walisaidia. Televizio iliongeza nini? Iliongeza hofu tu, tena kwa watu waliokuwa na hofu ya kutosha.

PANE SI KIFO

Ili mtu asidanganywe, inafaa ajue maneno machache. Siyo magumu.

Piloti akiwa katika hatari kubwa anasema katika radio "mayday", mara tatu. Sisi tuliosoma Kifaransa tunaweza kulisikia neno lilikotoka: "m'aidez", nisaidieni. Likiwa jambo lisilo la hatari ya kufa sasa hivi, lakini anahitaji nafasi na msaada, anasema "pan-pan". Hilo nalo ni letu: linatoka katika "panne". Kila shofa wa njia ya Likasi anajua pane. Motokari ikiwa na pane, unaiweka kando, unafungua kapo, unatazama. Huiti watu kwa kilio.

Tarehe 18 Januari 2023, ndege ya Qantas, Boeing 737, ilikuwa inatoka Auckland, New Zealand, kwenda Sydney, Australia, na abiria 145. Juu ya bahari moteri moja ilipata shida, mapiloti wakaizima. Walisema "mayday". Kisha, walipoona kwamba kila kitu kiko mikononi mwao, wakalishusha neno lile likawa "pan". Wakatua Sydney salama. Lakini televizio zilikuwa zimekwisha kuelekeza kamera zao uwanjani. Tena katika siku zilizofuata, kila ndege ya kampuni ile iliyogeuka na kurudi ikawa habari, hata kwa taa ndogo tu. Siku nyingine ndege kama zile zingerudi na hakuna ambaye angeandika hata mstari mmoja.

Fahamuni: ndege kubwa ya moteri mbili imetengenezwa na kujaribiwa ili iweze kuruka na kutua kwa moteri moja. Haipati ruhusa ya kubeba watu mpaka imeonyesha hivyo. Na mapiloti wanajifunza neno hili mara kwa mara katika mashini ya mafunzo inayofanana na ndege lakini haitoki chini.

Neno la pili ni "kuanguka". Ndege ikiwa juu sana, mita elfu kumi na zaidi, hewa ya nje haitoshi mtu kupumua. Ndiyo sababu hewa inasukumwa ndani kwa mashini. Mashini ile ikiharibika, vifuniko vya kupumulia vinashuka kutoka juu ya viti, na piloti anaishusha ndege upesi mpaka karibu mita 3,000, mahali mtu anapoweza kupumua mwenyewe. Anafanya hivyo kwa sababu hewa ya vifuniko vile inatosha dakika chache tu, kama 12 au 15. Abiria anasikia masikio yanauma, ndege inainama, watu wanalia. Kesho gazeti linaandika: "Ndege yaanguka mita 7,000!" Hapana. Ilishushwa. Kushuka na kuanguka si neno moja. Anayeshuka ngazi ya nyumba na anayeanguka kutoka juu ya nyumba wote wawili wanafika chini, lakini mmoja tu anapelekwa hospitali.

Ninyi mnaofanya kazi katika mine mtaelewa upesi kuliko wengine. Mkubwa wa usalama anaona ufa katika jiwe. Anasimamisha kazi, anapiga sirena, watu wote wanapandishwa juu. Nje, wanawake wanasikia sirena, wanakimbilia lango, na mtu anapiga kelele: "Shimo limefunika watu hamsini!" Je, siku ile ilikuwa siku ya ajali? La. Ni siku ambayo ajali ilizuiwa. Piloti anayerudi uwanjani kwa sababu ya taa moja anafanya kazi ile ile ya mkubwa wa usalama. Tukimfanyia kelele kila mara anaporudi, tunamfundisha nini? Labda siku moja atasema moyoni mwake: "Nikirudi, nitakuwa katika magazeti. Afazali niendelee."

MITA 54

Mtu mwingine atasema: "Mchungaji, kelele kidogo si dhambi. Afazali watu waogope kuliko walale." Hapo ndipo nataka tusimame kidogo, kwa maana habari ya kelele inaficha mafundisho ya kweli.

Tarehe 21 Mei 2024, ndege ya Singapore Airlines ilikuwa inatoka London kwenda Singapore. Juu ya nchi ya Myanmar ilipita katika hewa mbaya yenye kurusha-rusha. Hili halikuwa jambo dogo: abiria mmoja alifariki, na watu makumi waliumia, wengine vibaya. Ndege ilikwenda kutua Bangkok.

Siku ile ile habari ikazunguka dunia: ndege ilianguka futi 6,000, ndiyo kusema karibu mita 1,800, kwa dakika chache. Walichukua hesabu hiyo katika michoro ya safari za ndege ambayo kila mtu anaweza kuiona katika telefone. Siku nane baadaye wachunguzi wa Singapore walitoa yale waliyoyasoma katika vyombo vya ndege yenyewe. Kumbe futi 6,000 zile zilikuwa za kushuka kwa kawaida, piloti akiishusha ndege mwenyewe, zaidi ya dakika kumi baada ya msukosuko. Kilichoumiza watu ni kitu kingine: ndege ilipoteza futi 178 kwa sekunde 4 na nusu hivi. Futi 178 ni mita 54 tu.

Unaona? Mita 1,800 hazikuumiza mtu. Mita 54 ziliumiza wengi. Sababu gani? Kwa kuwa wale wasiofunga mikanda waliinuliwa kutoka viti vyao, wakatupwa juu, kisha wakarudi chini kwa nguvu. Mafundisho ya siku ile yalikuwa mafupi sana: funga mkanda hata taa ya mkanda ikiwa imezimwa. Hili lingeweza kumsaidia kila msafiri. Lakini hesabu kubwa ilipendeza zaidi, ikaenda mbali zaidi. Wengi waliisikia wakasema: "Mimi sitapanda ndege tena." Kisha walipanda, kwa kuwa kazi inawadai, na mkanda hawakuufunga.

KWA NINI WANAFANYA VILE?

Kwanza, juu ya feza. Zamani gazeti liliuzwa kwa kichwa cha habari. Leo, katika intaneti, kila jicho linalotazama linahesabiwa na kulipwa. Kichwa kinachosema "Ndege ilirudi uwanjani, mafundi wanaitazama" hakuna atakayekifungua. Kinachosema "Hofu kubwa angani" kinafunguliwa na watu elfu.

Pili, habari ni rahisi kuipata. Ndege ikiwa na shida, piloti anaandika katika chombo chake namba 7700, ili minara yote ijue. Siku hizi kuna programu kama Flightradar24 zinazoonyesha namba ile kwa kila mtu. Mwandishi anakaa kwenye kiti chake, anaona 7700, anaandika kabla ya ndege kutua. Hajui kama ni moteri, au ni moshi, au ni mgonjwa ndani ya ndege anayehitaji daktari.

Tatu, shahidi wao ni abiria. Simlaumu abiria. Aliogopa kweli. Lakini aliyekaa kiti cha dirisha hawezi kujua mashini imefanya nini, kama vile mgonjwa kitandani hawezi kueleza kisu cha daktari kilipita wapi. Anaweza kusema alichosikia na alichoona, basi.

Nne, ajali moja kubwa inafanya vitu vidogo vyote vionekane vikubwa. Tarehe 5 Januari 2024, ndege mpya ya Alaska Airlines, Boeing 737 MAX 9, ilipoteza kipande cha ukuta wake ikiwa angani. Hakuna aliyekufa, lakini neno lilikuwa zito, na kiwanda kilistahili kuulizwa. Baadaye kila Boeing iliyopata kashida ikaandikwa kama vile ni neno lile lile. Tarehe 7 Machi 2024, Boeing 777 ya United ilipoteza gurudumu moja ilipoondoka San Francisco. Gurudumu liliharibu motokari zilizosimama chini, na ndege, ambayo ina magurudumu sita kila upande wa nyuma, ilitua Los Angeles salama. Ndege ile ilikuwa imefanya kazi zaidi ya miaka 20. Gurudumu la ndege ya miaka 20 ni swali la mafundi wanaoitunza, si la kiwanda. Lakini nani alikuwa na nafasi ya kutenganisha?

NA SISI HAPA CONGO?

Najua mnavyosema sasa. "Mchungaji, ndege za kwetu zinaanguka kweli." Ni kweli, nami siwezi kuficha. Tarehe 8 Januari 1996, ndege ya Antonov ilishindwa kuinuka katika uwanja wa Ndolo, Kinshasa, ikaingia katika soko la Simbazikita. Ilikuwa na mizigo kupita kiasi. Zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao mama waliokuwa wanauza na kununua. Na kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya umekataza makampuni ya ndege ya Congo kuruka katika anga lake.

Kwa hiyo siwaambii msiogope. Nawaambia: iogopeni hatari pale ilipo. Mizigo kupita kiasi ni hatari. Ndege bila mafundi ni hatari. Na mambo madogo yanayofichwa ni hatari pia. Katika nchi zinazochunga mambo haya, jambo dogo la ndege linaandikwa, linapelekwa kwa wachunguzi, linasomwa, na wengine wanaonywa. Wanafanya vile ili lisitokee tena. Mwenye kupiga kelele na mwenye kuficha wanatuacha mahali pamoja: hakuna aliyejifunza kitu.

Sasa neno la mwisho, nalo ni la hapa kwetu. Tarehe 15 Novemba 2025, huko Kalando, katika Lualaba, wachimbaji wa mikono walikimbilia daraja dogo walilolijenga juu ya mtaro wenye maji. Daraja likaanguka. Wakuu wa jimbo walisema watu 32 kwa uchache walikufa. Ripoti ya SAEMAPE, idara ya serikali ya kusaidia wachimbaji, ilisema kwamba milio ya risasi ya askari iliwatia watu hofu, wakakimbia wote pamoja, wakaangukiana.

Siku mbili baadaye, tarehe 17, ndege iliyomleta waziri wa mines kwa ajili ya msiba huo ilitoka katika njia yake ilipotua Kolwezi, ikawaka moto. Watu wote walitoka kabla moto haujawafikia, hakuna aliyekufa. Ilikuwa ajali ya kweli, na tunashukuru kwamba wote walipona. Video ya moto ule ilizunguka dunia nzima.

Sasa nakuuliza wewe unayesoma, ujibu kwa moyo wako: katika telefone yako, uliona nini zaidi juma lile? Ndege iliyoungua bila mtu, au daraja lililoua watu makumi? Na ni kipi ulichowatumia wenzako?

Ndege ikiwaka moto, kila mtu anatazama. Mtaro wenye maji na daraja la miti hauna picha nzuri. Lakini watoto wetu hawapandi ndege kila siku. Wanavuka madaraja kama yale kila siku. Tukitumia hofu yetu yote kwa ndege iliyotua, itatubakia gani ya kuuliza nani analinda kijana anayeingia katika shimo kesho asubuhi?

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Katika kanisa hatupokei mashtaka juu ya mtu kwa shahidi mmoja. Basi na habari ya telefone tusiipokee hivyo. Habari ya ndege ikifika, kabla ya kuituma kwa mwingine, uliza maneno manne:

1. Ndege iko wapi sasa? Kama imetua, hiyo ndiyo habari. Yaliyobaki ni maelezo.

2. Nani anasema? Ni mkubwa wa uwanja, ni kampuni, ni mchunguzi, ni abiria, au ni "batu"?

3. Iliandikwa lini? Picha nyingi zinazozunguka ni za miaka ya nyuma na za nchi nyingine.

4. Kuna mafundisho gani ndani yake? Kama hakuna hata moja, basi ni kelele.

Na kama unajua kwamba ndugu wa jirani yako yuko katika safari, usiende kwake na habari nusu. Pigia kampuni ya ndege simu. Mpigie msafiri mwenyewe. Ngoja saa moja. Habari ya kweli haiozi kwa saa moja, lakini mama mwenye moyo dhaifu anaweza kuanguka kwa dakika moja.

Kwa ninyi mnaosafiri: funga mkanda wako muda wote unapokaa. Sikiliza wahudumu wanapoeleza, hata kama umekwisha kusikia mara kumi. Ndege ikirudi uwanjani, usimtukane piloti kwa sababu umechelewa kazini.

KWA MKUTANO WA VIJANA

Leteni katika mkutano habari tatu za ajali au za hatari mlizopokea katika telefone mwezi huu. Kwa kila moja jibuni: Ilikuwa kweli? Nani aliisema kwanza? Mliituma kwa watu wangapi kabla ya kujua? Kisha zungumzeni: katika mtaa wetu, ni hatari gani ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeisema? Iandikeni, mpelekeeni chefu wa mtaa au mkubwa wa kazi, na muulize mwezi ujao amefanya nini.